Nataka kuwa refa wa mpira, nipo Mafinga, nianzie wapi?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada wa miaka 23, nipo Mafinga, nina kibanda cha kutoa na kuweka pesa. Napenda sana mpira ila sijawahi kuchezea timu yoyote, shuleni nilikuwa netiboli. Nataka kuwa refa. Kaka zangu wananicheka, wanasema nitapigwa mawe. Nianzie wapi? Inalipa? Na ni lazima niwe nimecheza? Kinachonitisha zaidi ni kuotea, hata kwenye tv huwa sielewi."

Marahaba mdogo wangu, kamwene.

Nianze na hao kaka zako maana naona wamekujaza hofu. Waambie mawe yapo kweli, sikudanganyi, mimi nimepuliza filimbi huku Nyanda za Juu Kusini miaka kumi na saba, kuanzia viwanja vya shule za msingi kule Igawilo na Uyole mpaka Sokoine pale Mbeya mjini, na nimeshakimbizwa mara mbili. Mbili tu. Na zote mbili nikikaa nikatafakari naona niliwapa watu sababu, sio kwamba waliokuwa wananikimbiza walikuwa na haki, hapana, ila sababu niliwapa. Moja ntakusimulia hapo chini kwa sababu imenifundisha kazi kuliko kozi zote nilizokaa.

Kuhusu kucheza: sio lazima. Hakuna sheria inayodai hivyo na hata faida yake watu wanaikuza tu. Aliyecheza anajua beki akizidiwa mbio mkono wake unaenda kushika wapi, anajua mshambuliaji anavyouacha mguu nyuma makusudi ili apate penati, hilo ni kweli. Ila anakuja pia na sheria za enzi zake kichwani, na kumtoa huko ni kazi. Wewe wa netiboli umezoea kitu kimoja kizuri sana, kule mtu akitembea na mpira filimbi inalia, kwa hiyo macho yako tayari yanashuka kwenye miguu. Vijana wengi ninaowafundisha nahangaika nao wiki na wiki kuwatoa macho kwenye mpira, yaani mpira uko hewani na wao wanauangalia kama ndege, huku chini watu wanavutana jezi.

Sasa pa kuanzia. Nenda chama cha mpira wa miguu cha wilaya yako, muulize katibu nani anasimamia waamuzi. Waamuzi nchi hii tuna chama chetu, FRAT, kina watu mikoani na wilayani, na juu kabisa wanaosimamia mambo ya uamuzi ni TFF, shirikisho la mpira wa miguu la nchi, kupitia kamati yake ya waamuzi. Ukikosa kabisa mtu wa kumuuliza nenda halmashauri kwa afisa michezo, huyo lazima ana namba za simu za waamuzi wote wa eneo lake maana ndo anaowatafuta ikifika michezo ya shule. Au fanya nilivyofanya mimi, nenda uwanjani, subiri mechi iishe, wasogelee marefa wakiwa wanavua viatu uwaambie mimi nataka kujifunza. Refa hajazoea kusogelewa na mtu asiyelalamika, atafurahi mpaka utashangaa.

Utakachoulizia ni kozi ya awali ya uamuzi. Unakaa darasani mnapitia sheria zote 17, mnatoka uwanjani mnafundishwa kukimbia, kupuliza na kushika kibendera, mwisho mtihani wa kuandika na mtihani wa mbio. Ukifaulu unaanzia daraja la tatu, halafu unapanda la pili, la kwanza, na wachache sana wanapendekezwa wapate beji ya FIFA. Kozi hazipo kila mwezi, unaweza kusubiri muda mrefu kweli, kwa hiyo ukisikia imetangazwa hata kama ni Iringa mjini au Njombe funga kibanda uende. Na mtu akikwambia tuma kiasi fulani kwenye namba hii nikutengenezee cheti bila kukaa darasani, wewe na hiyo biashara yako unajua kuliko mimi hizo meseji mwisho wake ni nini.

Ila usikae tu unasubiri kozi. Hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Kazi hii watu wanadhani ni ya kujua sheria, wanakariri kile kitabu kizima, wanaingia uwanjani wanaaibika. Sheria unazijua ndani ya mwezi mmoja. Kinachochukua miaka ni kujua usimame wapi. Refa aliyekosea akiwa hatua sita kutoka kwenye tukio wachezaji wanapiga kelele kidogo wanaendelea na mpira, ila refa aliyepatia akiwa mita arobaini hakuna anayemwamini, hata timu iliyopewa faulo yenyewe inajua kabahatisha.

Ngoja sasa nikwambie ile mara ya kwanza niliyokimbizwa.

Ilikuwa fainali ya kombe la mbuzi, kijiji kimoja cha Rungwe, mwezi wa tatu, na mvua za kule kama hujawahi kuziona basi ulizia watu wa Tukuyu. Nimefika nimechelewa kwa sababu bodaboda ilikwama kwenye tope, nakuta uwanja umejaa, mwenyekiti wa kijiji ameshahutubia, kila mtu anasema refa huyo kafika tuanze, basi nikavaa haraka haraka nikapuliza. Sikukagua kitu. Nyavu zenyewe zilikuwa za kuungaunga na kamba, na goli la upande wa migomba lilikuwa na tundu pembeni, tundu ambalo mtoto wa darasa la pili anapita bila kuinama. Dakika ya sabini na kitu winga kaachia shuti, mimi nipo huko nyuma karibu na duara la kati nimechoka, tope limeganda kwenye viatu kila mguu kama nimebeba tofali, nainua macho naona mpira umo ndani ya nyavu. Nikaonyesha kati. Goli.

Kumbe mpira ulipita nje ya nguzo ukaingilia kwenye lile tundu. Watu wote waliokaa nyuma ya goli waliona, bibi mmoja mwenye mwavuli aliona, nadhani hata mbuzi aliyekuwa amefungwa kwenye mparachichi aliona, asiyeona ni mimi peke yangu. Namgeukia mshika kibendera wangu, ambaye alikuwa ni kijana tuliyemwokota pale pale dakika tano kabla ya mechi, ameangalia chini anachezea kijiti cha bendera. Basi ndo hivyo. Nilikimbia kupita kwenye chai, nikakatiza mgomba wa watu, mama mmoja akaniingiza jikoni kwake akafunga mlango, nimekaa mle na moshi mpaka giza linaingia, ananilisha ndizi za kuchemsha na kunisema, "mwanangu, ndaga kwa kuja, lakini na wewe ulikuwa unaangalia wapi?" Mbuzi nasikia walimla wote kwa pamoja usiku ule ule.

Ulikuwa unaangalia wapi. Tangu siku hiyo nafika uwanjani saa nzima kabla, na kitu cha kwanza ni nyavu, navuta kila upande, nikikuta tundu naomba kamba nalifunga mwenyewe mbele ya watu waone. Kisheria nyavu wala sio lazima, bora hata zisiwepo kuliko kuwa na tundu. Halafu natingisha nguzo maana nyingi ni miti ya milingoti imechimbiwa tu, goli likimwangukia mtoto hiyo sio habari ya mpira tena. Vibendera vya kona visiwe chini ya mita moja na nusu, ncha isiwe kali. Mpira ukubwa wake ni sentimita 68 mpaka 70 mzunguko, uzito gramu 410 mpaka 450, huko mchangani huna mzani wala kipimo cha upepo, unaubonyeza kwa dole gumba na kuudundisha, jioni za baridi za mwezi wa sita na wa saba utakuta umenywea, basi mtafute mwenye pampu. Wachezaji wahesabu. Timu ikija na watu nane kwa sababu noah ya pili imeharibika Nyololo, mechi inaanza, kiwango cha chini ni saba, wakipungua hapo hamna mchezo.

Turudi kwenye kusimama. Refa wa kati anakimbia kama anakata uwanja kutoka kona moja kwenda kona ya mbali, sisi tunaita dayagono, washika vibendera wawili wanabaki upande ule ambao yeye hafiki, hivyo mpira muda wote unakuwa katikati ya macho mawili, lako na la msaidizi wako. Usiukimbilie mpira wenyewe, utagongana na viungo. Kimbilia mahali ambapo utaona nafasi iliyopo kati ya wachezaji wawili, yaani ile hewa kati ya mguu na mguu. Ukiwa nyuma yao moja kwa moja unaona migongo tu, na mgongo haukwambii nani kamkanyaga nani.

Wewe lakini usianze na kati. Anza na kibendera, na anza wiki hii. Kachukue kitambaa chekundu, kijiti, nenda viwanja vya shule jioni kwenye mechi za watoto, mwambie mwalimu wa michezo naomba nishike laini. Hakuna mwalimu atakayekukatalia maana huwa wanakosa mtu. Watoto watakusamehe, kelele ni chache, na utapata nafasi ya kukutana na hiyo kuotea inayokutisha mara hamsini kwa jioni moja.

Haya kuotea. Sababu hauelewi kwenye tv ni kwamba kamera inaufuata mpira, na kuotea hakuangaliwi mpira ulipofika, kunaangaliwa wakati unaondoka kwenye mguu wa aliyepiga. Jifunze kupiga picha kichwani, kama ile ya paspoti, mpira ukiguswa tu, chwaa, picha. Baada ya hapo mtu anaweza kukimbia akapita mabeki wote akapokea mbele kabisa na akawa halali, picha ndo inahukumu. Kwenye picha unajiuliza: mshambuliaji yupo nusu ya wapinzani? Kama yupo nusu yake mwenyewe, acha. Kichwa chake, kiwiliwili au mguu umeupita mpira? Umempita mtu wa pili kutoka mwisho wa upande wa wapinzani? Yote yakiwa ndiyo, yupo sehemu ya kuotea. Mikono haihesabiwi, ya mshambuliaji wala ya kipa. Angalia nimesema mtu wa pili kutoka mwisho, kipa naye ni mtu, siku kipa akipanda mbele kwenye kona ya dakika za mwisho hesabu inabadilika na hapo ndo washika vibendera wengi wanaungua. Akiwa sawasawa na huyo wa pili kutoka mwisho hajaotea.

Ila hata akiwa ameotea kwenye picha, bado sio kosa. Kusimama sehemu ya kuotea sio kosa. Kosa ni akiugusa mpira, au akimsumbua mpinzani, mfano kumziba kipa asione, au akifaidika na mpira uliorudi kutoka kwenye nguzo au kwa kipa aliyepangua. Kwa hiyo bendera yako ingoje. Huu ndo ugonjwa wa wanaoanza wote, mkono unaruka kabla hujajua mpira unaenda kwa nani. Hesabu moja kichwani, angalia, ndo unyanyue. Na mpira wa goli kiki, mpira wa kurusha na kona, mtu akipokea moja kwa moja hapo hakuna kuotea kabisa, hata asimame kwenye mstari wa goli anakula muhindi.

Mwili wako uende sambamba na yule beki wa pili kutoka mwisho, au na mpira kama mpira umempita, na utembee kiubavu kama kaa ili kifua kiangalie uwanja. Ukimwona mshika kibendera anakimbia kifua mbele muda wote jua nusu ya kuotea anabahatisha. Ukishanyanyua na refa akapuliza, unashusha bendera kuonyesha sehemu, upande wa mbali ya juu kidogo, katikati ya usawa wa bega, upande wako ya chini. Refa asipokuona endelea kunyanyua usione aibu, isipokuwa kama ile hali imeshapita.

Sasa sheria zenyewe. Zisome zote ila usizisome kama shairi, soma ile ya 11 ya kuotea na ya 12 ya faulo na kadi mpaka zikae, nyingine pitia. Na uhakikishe unasoma za sasa, kwa sababu IFAB, wale wanaozitunga, wanarekebisha karibu kila mwaka, na nusu ya ugomvi wa mchangani ni kwamba mzee mmoja pembeni anajua sheria ya mwaka 1995. Goli kiki toka 2019 haihitaji mpira kutoka nje ya boksi, ukipigwa ukasogea tayari mchezo unaendelea. Kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8 kuanzia msimu wa 2025/26 ni kona kwa wapinzani, zamani ilikuwa sekunde 6 na mpira wa adhabu ambao nakuhakikishia hakuna refa aliyekuwa anautoa, sasa hivi unanyanyua mkono unahesabu zile tano za mwisho kwa vidole kila mtu anaona. Siku ya kwanza utakapotoa hiyo kona Mafinga andaa mbio zako, natania.

Halafu kuna hii ya "beki wa mwisho". Utaisikia kila Jumapili, refa nyekundu huyo ni beki wa mwisho! Kwenye kitabu hakuna maneno beki wa mwisho. Kilichopo ni kumnyima mtu nafasi ya wazi ya kufunga, na unaangalia vitu vinne, umbali mpaka golini, mchezo ulikuwa unaelekea wapi, mshambuliaji alikuwa na uwezo wa kuupata huo mpira au ndo unatoka, na mabeki wengine wapo wapi na wangapi. Mtu anaweza kuwa wa mwisho kabisa kando ya mstari wa kati, mshambuliaji anakimbilia kwenye kibendera cha kona, ukatoa njano na ukawa sahihi. Na ikiwa ndani ya boksi, beki alikuwa anaugombea mpira kweli akachelewa, ni penati na njano, sio nyekundu, hilo limebadilika toka 2016. Akimvuta jezi au kumsukuma, hiyo ni penati na nyekundu. Kama kuna sehemu moja ya sheria ya 12 uikariri neno kwa neno basi ni hii, kwa sababu uamuzi wenyewe unautoa ndani ya sekunde mbili huku watu wawili wamekushika bega.

Kwenye kushikwa bega, ongea na nahodha tu. Kwenye mechi zangu huwa naita manahodha wote wawili kabla ya sarafu nawaambia kila mtu ana swali aje kupitia ninyi, mwingine akija ananunua kadi. IFAB wenyewe 2024 walitoa mwongozo wa aina hiyo, mashindano yanayotaka yanautumia. Na filimbi ishike mkononi, usiweke mdomoni muda wote. Ile safari ya mkono kwenda mdomoni ndo muda wako wa kufikiri, hapo hapo unaona kumbe aliyechezewa kaendelea na mpira, unaacha, unatoa adivanteji.

Mbio. Hapa sikuonei huruma. Mtihani wa FIFA wa waamuzi wa kimataifa ni kukimbia mita 75 kwa sekunde 15, kutembea mita 25 kwa sekunde 18, mara 40 bila kupumzika, hiyo ni mizunguko 10 ya uwanja wa riadha, kilomita 4. Wanawake sekunde 17 za kukimbia na 20 za kutembea. Kabla ya hapo kuna mbio fupi za mita 40 mara 6. Wewe hutapimwa hivyo kwenye kozi ya awali, ila jua mlima wenyewe unafananaje. Anza na mara 12, ongeza mbili kila wiki. Una bahati upo Mafinga, huku juu hewa ni nyepesi, Mbeya mjini tu tupo mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, ukizoea kukimbia huku mapafu yanakuwa ya kazi, timu za pwani zikija Sokoine dakika ya 60 unaona wanashika viuno. Ila na wewe ukishuka Dar joto litakulipa. Kimbia kwenye njia za miti ya misonobari asubuhi, valia nguo nzito mwanzo maana msuli wa baridi unachanika, na usikimbie lami kila siku, magoti unayahitaji mpaka ufike miaka arobaini.

Vifaa usinunue vingi. Filimbi mbili, na zisizo na kipira ndani ni bora kwenye baridi na mvua kwa sababu kile kipira kikilowa kinaganda na sauti inakuwa ya kifaranga. Saa mbili, moja huisimamishi kamwe. Kadi. Sarafu. Kijitabu, na penseli, narudia penseli, kalamu ya wino kwenye mvua ya huku inakufa na utabaki hujui uliyempa njano dakika ya 20 ni namba sita au namba nane, halafu umpe ya pili asitoke, utajuta. Viatu vya meno kwa ajili ya tope. Sare ya refa utaazima mwanzoni.

Inalipa? Mwanzoni hapana. Mechi za mitaani unapata nauli na soda, siku nyingine soda peke yake, siku nyingine mfadhili wa kombe anazima simu. Ukipanda ligi ya mkoa na kuendelea kuna posho inayoeleweka, ligi za juu ni afadhali zaidi, ila hata huko posho huchelewa na waamuzi wengi ninaowajua ni walimu, askari, wafanyabiashara. Kibanda usikifunge. Tena mimi naona mtu mwenye kibanda chake anapuliza vizuri kuliko mwenye njaa, kwa sababu kuna siku mtu wa timu atakufuata kabla ya mechi na bahasha, hataita rushwa, ataita nauli, ataita hela ya maji. Kataa ukiwa mbele za watu na kwa sauti ya kawaida. Usipande gari ya timu hata kama mvua inanyesha na kituo kipo mbali. Na achana na mikeka moja kwa moja, mwamuzi kubeti mpira ni marufuku, na wewe kwenye hiyo biashara yako wateja wa mikeka wapo kila siku, usianze hata kuwashauri.

Usalama ni jambo la kuuliza kabla, sio baada. Mwandaaji akikuita muulize nani analinda, mgambo wapo? Muulize nitabadilishia nguo wapi, wewe kama mwanamke usikubali nyuma ya mti, omba darasa lenye mlango. Angalia njia ya kutokea ipo upande gani. Mashabiki wakiingia uwanjani simamisha mechi, subiri, wasipotoka vunja, na ripoti unaandika usiku huo huo, kilichotokea tu, dakika, namba ya jezi, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa hata kama ni matusi, bila "kwa maoni yangu". Ripoti nzuri imeniokoa mara nyingi kuliko mbio.

Kuhusu uanamke wako, kelele zitakuwepo dakika kumi za kwanza, halafu ukitoa maamuzi mawili ukiwa karibu zinapungua, nimeona kwa macho yangu kwa wadada niliopanga nao. Jonesia Rukyaa wa kwetu hapa alichezesha Simba na Yanga mwezi wa pili 2016, na unajua mechi hiyo ilivyo, wanaume wazima wanaikimbia. Salima Mukansanga wa Rwanda Januari 2022 akawa mwanamke wa kwanza kupuliza kati mechi ya AFCON ya wanaume, mwaka ule ule akaitwa Kombe la Dunia Qatar. FIFA wanataka refa wa kati awe na miaka isiyopungua 25 na msaidizi 23 ndo apate beji, kwa hiyo hujachelewa, wala usiikimbilie beji, kimbilia daraja la tatu kwanza.

Jumamosi hii tafuta mechi ya watoto hapo Mafinga, shika kibendera upande mmoja tu, kipindi kimoja tu. Kwenye kijitabu andika kila mara uliponyanyua bendera na ulikuwa umesimama usawa wa nani. Wiki ijayo niandikie kilichotokea, hasa zile ambazo uliona umechelewa, tuanzie hapo. Na mmoja wa hao kaka zako mpe kibendera cha upande wa pili, aone.